Sativum na Sativa: Kilatini cha Mimea Masikioni mwa Mswahili

Kitunguu saumu, mchele, ukwaju na tangawizi ni bidhaa za kila siku kuanzia Mchafukoge hadi Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Kila moja hutokana na mmea wenye jina la kitaalamu la mtindo uliotiwa nguvu na Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1753: nomino kwanza, kisha neno la kuifafanua, mara nyingi kivumishi. Wasomi wetu wengi huyapokea majina hayo kupitia Kiingereza, na hapo ndipo yanapoonekana magumu kuliko yalivyo.

Kiingereza hakipatanishi kivumishi na nomino. Kwa hiyo mwanafunzi wa London hukariri tu kwamba kitunguu saumu ni Allium sativum na mpunga ni Oryza sativa. Mswahili anayesema kitunguu kizuri na mpunga mzuri anaijua kanuni ya upatanisho tangu utotoni: sativum na sativa zina maana ile ile, mmea unaolimwa, ila upatanisho umebadilika. Warumi waliihesabu miti mingi kuwa ya jinsia ya kike hata jina lilipoishia kwa -us, ndiyo maana mkwaju ni Tamarindus indica. Sisi tumeiweka katika ngeli ya M-MI. Wao walitenga pirus, mti wa peasi, na pirum, tunda lake. Sisi twatenga mwembe na embe. Lakini jinsia zao ni tatu tu, ilhali ngeli zetu ni nyingi zaidi.

Katika matamshi, irabu zetu tano ziko karibu na za Roma kuliko za Kiingereza. Konsonanti zina njia nyingi. Kivumishi cha tangawizi, officinale, chenye asili katika ghala la dawa, Mrumi wa kale angekitamka ofikinale. Kilatini cha kanisa husema ofichinale, Wajerumani ofitsinale, Waingereza wengi ofisineli. Kila tamko lina ukoo wake, wala hakuna la kubezwa.

Mkazo ndio unaotutenga na Warumi. Sisi huuweka karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kilatini hufanya hivyo katika sativa, lakini katika indica, kwa kuwa silabi ya kati ni fupi, mkazo hurudi mwanzoni: ÍN-dika.

Walimu wa botania, anzeni somo hili kwa ngeli za Kiswahili kabla ya kamusi ya Kiingereza. Mwanafunzi tayari ana nusu ya sarufi inayotakiwa.