Paneli za sola za mtumba: Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

PANELI za sola zilizokwisha kutumika huwavutia wengi wanaotaka kuweka umeme wa jua majumbani kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hata hivyo, wati zilizoandikwa kwenye lebo si lazima ndizo zitakazofika kwenye betri, na mara nyingi sababu si uzee wa paneli.

Paneli ya silikoni hupoteza takriban nusu asilimia hadi asilimia moja ya nguvu zake kila mwaka. Kwa hiyo, paneli ya wati 250 iliyotumika miaka 10 bila kuharibika hutarajiwa kubaki na wati 225 au zaidi.

Ukaguzi wa macho

Kioo chenye ufa huruhusu unyevu kuingia na kuozesha viunganishi vya ndani. Paneli ya namna hiyo isinunuliwe. Mnunuzi aangalie pia alama za kuungua, malengelenge kwenye karatasi ya nyuma, na hali ya kisanduku cha nyaya. Paneli isiyo na lebo haifai, kwani vipimo vyake haviwezi kulinganishwa na chochote.

Kupima juani

Baadhi ya wauzaji huonyesha volti pekee. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu hata chini ya mawingu volti hushuka kidogo tu. Nguvu halisi hujulikana kwa kupima pia ampea, wakati wa jua kali la mchana, kwa mita inayohimili ampea zilizoandikwa kwenye lebo. Paneli ifunikwe kabla ya kuunganisha au kuchomoa nyaya za mita ili kuzuia cheche.

Paneli yenye seli 60 huwa na takriban volti 37 kwenye lebo ikiwa haijaunganishwa na kitu. Ikipata joto la jua, kushuka hadi 34 ni kawaida. Ikisoma 25 au chini ya hapo, huenda theluthi moja ya seli zake haifanyi kazi.

Kuoanisha na betri

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Paneli zenye seli 36 hutengenezwa kwa betri za volti 12. Zile za seli 60, zinazotumika sana kwenye mitambo iliyounganishwa na gridi, hufanya kazi kwenye volti 30 hivi. Zikiunganishwa na betri ya volti 12 kupitia kidhibiti chaji cha bei rahisi cha aina ya PWM, paneli ya wati 250 hutoa wati zipatazo 110 tu. Kidhibiti cha aina ya MPPT huokoa sehemu kubwa ya nguvu hizo, lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Bei

Gharama hiyo ijumlishwe na bei ya paneli, kisha igawanywe kwa wati zilizopimwa, si zilizoandikwa. Jibu lilinganishwe na bei ya paneli mpya yenye dhamana, kwa kuwa paneli mpya zilishuka bei kwa kiasi kikubwa duniani baada ya mwaka 2010. Tofauti ikiwa ndogo, mpya ndiyo nafuu. Muuzaji anayekataa bidhaa yake isipimwe juani ni bora kuachana naye.