Wanawake Waliotangulia na Habari

Kisiwa cha Chole kimo katika ghuba iliyo mashariki ya Mafia, mkabala na Utende, nacho ni kidogo kiasi kwamba mtu aweza kukimaliza kwa miguu asubuhi moja. Wenyeji wake karibu wote ni Waislamu: mafundi wa majahazi, wavuvi, na akina mama wasukao mikeka ya ukili. Wakristo ni wachache, na aghalabu ni wageni waliofika kwa kazi. Nilipokuwa huko matembezini, Jumapili moja tulikusanyika sebuleni kwa mwenyeji wangu, watu saba tu, watano wakiwa wanawake. Hapakuwa na kasisi wala mwinjilisti. Mama mmoja muuguzi alifungua Biblia, akasoma habari za asubuhi ya ufufuo katika Injili ya Yohana, kisha akatueleza kwa maneno machache yaliyonyooka. Mimi, niliyewafundisha walimu kwa miaka mingi, nilikaa mkekani nikasikiliza kama mwanafunzi.

Alipomaliza, nilikumbuka jambo ambalo sikupenda kulikumbuka. Nilipokuwa mkuu wa chuo, mwanachuo mmoja wa kike alikuja ofisini kuomba zamu ya kuhubiri katika ibada ya Jumapili. Nilimjibu kwa upole kwamba zamu hizo ni za wanaume, nikamtajia maneno ya Paulo kwa Wakorintho juu ya wanawake kunyamaza katika kanisa. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu," akaenda zake. Nilimpa kazi ya kuongoza kwaya, nikadhani nimemtendea haki. Hakuomba tena. Tangu siku ile ya Chole nimeirudia Biblia yangu, na baada ya Biblia historia ya pwani yetu, nikijiuliza kama jibu nililompa lilikuwa la kweli.

Tuanze na Biblia. Katika Yohana sura ya 4, mwanamke Msamaria anakutana na Yesu kisimani, anauacha mtungi wake, anakwenda mjini kuwaita watu. Injili yasema wazi kwamba Wasamaria wengi waliamini kwa sababu ya neno la mwanamke yule. Hakuwa na cheo chochote, na mambo ya ndoa zake yalitosha kumfanya asemwe. Katika sura ya 20, Maria Magdalene ndiye anayemwona Bwana aliyefufuka kabla ya mitume, naye ndiye anayetumwa kuwapasha habari. Luka anaongeza kwamba mitume waliposikia maneno ya wanawake waliyaona kuwa ya upuuzi. Ndugu msomaji, litazame jambo hili kwa macho ya wakati ule. Ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito sawa na wa mwanamume. Mtu aliyetaka kutunga habari ili iaminiwe upesi asingewatanguliza wanawake. Wametangulizwa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Na Paulo je? Katika Warumi sura ya 16 anamsifu Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na anamtaja Prisila kabla ya mumewe Akila. Kitabu cha Matendo chaeleza jinsi wawili hao walivyomchukua Apolo, msemaji hodari, wakamfafanulia njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Tena katika waraka ule ule niliomsomea mwanachuo wangu, sura ya 11, Paulo anaagiza mwanamke afunike kichwa anaposali au kuhutubu. Mtu aliyekatazwa kabisa kufungua kinywa haagizwi avae nini wakati wa kuhutubu. Sura ya 14 nilikuwa nimeikariri. Ya 11 niliipita. Wapo walimu wa Neno wanaozisoma aya hizi tofauti nami, wala siwabezi. Ninachokiri ni kwamba mimi sikuwa nimesoma, nilikuwa nimerithi.

Sasa tuje kwenye bahari yetu. Majahazi yatokayo Kilwa Kivinje kwenda Unguja hupita katika maji haya ya Mafia. Katika karne ya 19 yalibeba watumwa, na baadhi ya watumwa waliletwa Mafia kwenyewe kuhudumia mashamba ya minazi. Miongoni mwa waliosafirishwa kutoka Kilwa hadi Unguja, yapata mwaka 1865, alikuwamo msichana wa Kiyao aitwaye Swema. Masimulizi yake yaliandikwa na wamisionari na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1870. Baba yake aliuawa na simba. Kisha ikaja njaa, mama akaingia katika deni, na mdai akamchukua binti. Mama alikubali kufuata msafara akibeba mzigo ili asitengane na mwanawe, hata nguvu zikamwishia, akaachwa njiani. Swema alifika Unguja akiwa hoi. Aliyemmiliki aliona ni hasara tu, naye akazikwa kabla hajafa, katika kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alisikia mtu akiugua chini ya mchanga, akamfukua, akampeleka misheni.

Waliomuuguza ni masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mwaka mmoja tu baada ya utumwa kukomeshwa kule, na miongoni mwa masista wake walikuwamo wanawake waliowahi kuwa watumwa. Basi Injili ya kwanza iliyomfikia Swema ilikuwa mikono ya wanawake. Masimulizi yanaendelea kusema kwamba baadaye mfanyabiashara wa watumwa aliyemtesa aliletwa misheni akiwa amejeruhiwa, na Swema akatakiwa amhudumie. Alishindana na moyo wake, kisha akamsamehe. Hatuna budi kukumbuka kwamba kalamu ilikuwa ya mapadre, nao walitaka kuwagusa wafadhili wao Ulaya. Lakini hata ukiyapunguza maandishi hayo, bado linabaki jambo zito: binti aliyefukuliwa kaburini akatoa ushuhuda ambao hakuna mhubiri angeweza kuutoa kwa niaba yake.

Upande wa Waanglikana, Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864. Huko Mbweni ilikuwa na shule ya wasichana, wengi wao wakiwa wameokolewa katika majahazi ya watumwa. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877 kuiongoza, akabaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Kwangu mimi, mtu wa vyuo vya ualimu, shule ile ni ya kuheshimiwa, maana ilitoa walimu wanawake wakati ambapo wengi hawakudhani mwanamke Mwafrika aweza kushika chaki.

Mmoja wao ni Lucy Magombeani. Aliolewa na Cecil Majaliwa, na mwaka 1886 familia hiyo ilikwenda Chitangali, kusini mwa nchi yetu ya leo. Mwaka 1890 Majaliwa alipewa ukasisi, akawa padre Mwafrika wa kwanza wa misheni ile. Jina lake limo katika vitabu, na ni haki yake. Jina la Lucy sharti ulitafute. Lakini fikiri kidogo: katika mila za kusini, mambo ya mabinti na unyago yalikuwa mikononi mwa wanawake. Mwanamume, hata akiwa padre, hakuwa na nafasi humo. Neno lililotakiwa kuingia katika nyumba za akina mama lilihitaji mama wa kulipeleka. Katika orodha wanawake wa namna hii waliandikwa "mke wa mwalimu", basi.

Makanisa nayo yamebadilika, kila moja kwa mwendo wake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikubali mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Nalishukuru jambo hilo. Hata hivyo cheo kilikuja nyuma sana ya kazi. Karama ya uinjilisti, kama Waefeso sura ya 4 inavyofundisha, ni kipawa anachotoa Kristo mwenyewe. Kazi ya kanisa ni kukitambua, na sisi viongozi tumechelewa mara nyingi kukitambua pale kilipovaa kanga.

Yule muuguzi wa Chole hagombani na mtu juu ya dini. Majirani zake Waislamu humwita usiku mtoto anapopata homa, naye huenda. Wakimwuliza kinachomtuma, huwaambia. Wasipomwuliza, hukaa nao mpaka homa ishuke.

Nami ninalo deni. Mwanachuo yule aliyekuja ofisini kwangu sasa ni mtu mzima, pengine ana wajukuu. Kama kitabu hiki kitamfikia mkononi, ajue kwamba mwalimu wake amesahihisha kazi yake mwenyewe, akaikuta na kosa. Jibu nililompa siku ile nalifuta. Zamu ilikuwa yake.