Deni la viwambo vya kisogo

Nimepotea kidogo, lakini sababu ninayo. Juzi nilinunua kiwambo bapa cha mtumba, inchi 24, kwa pesa nilizokuwa nimetenga za karo. Aliyeniuzia harudishi pesa. Nikakiunga kwa waya wa DVI, Linux ikashindwa kusoma EDID (yale maelezo ambayo kiwambo hujitambulisha nayo) na kunipa 1024 kwa 768. Herufi nene kama za bango la barabarani!

Nikaandika cvt 1920 1200, nikaipa xrandr jibu lake. Ikagoma.

Kuelewa kwa nini, turudi nyuma. XFree86 ilipoanza mwaka 1992, mtu aliandika modilaini kwa mkono: kasi ya pikseli, kisha nambari nane za kupanga mistari. Eric S. Raymond aliandika mwongozo mzima wa kazi hiyo, na onyo lilikuwa la kweli: ukikosea, ungeweza kuunguza kiwambo. Ndani ya viwambo vile vya kisogo mwale wa elektroni ulichora mstari, ukazimwa, ukarudi kushoto kama gari la taipureta. Safari hiyo ya kurudi ililipiwa kwa pikseli zisizoonekana. Mwaka 1994 VESA ilileta EDID, na wengi wetu tukasahau hesabu hizo.

Kiwambo bapa hakina mwale wa kurudisha. Lakini cvt, usipoiambia vingine, bado hulipa nauli ya safari hiyo: mstari wa pikseli 1920 unakuwa 2592, na kasi inafika MHz 193.25. DVI ya mwaka 1999, yenye njia moja, mwisho wake ni MHz 165. Yaani nilikuwa nanyimwa picha kwa sababu ya pikseli 672 za kungojea mwale ambao haupo!

VESA yenyewe ilishaliona hilo. Kanuni yake ya CVT ya mwaka 2003 iliruhusu viwambo bapa kupunguza ungojaji huo hadi pikseli 160. Nikaongeza herufi moja tu:

cvt -r 1920 1200

Mstari ukawa 2080, kasi MHz 154. Nikaipa xrandr tena, na picha ikatulia, kali kama wembe.

Karo bado naitafuta.