Mjenzi ni Nani? Historia Fupi ya Istilahi Moja

Katika vitabu vya ualimu limo neno la kigeni linaloweza kutoholewa kuwa "mkonstraktivisti", au kufasiriwa kwa neno letu la siku zote, "mjenzi". Kabla ya kuchagua, yafaa tuitazame historia yake.

Neno hilo lilivuma kwanza katika sanaa. Mwaka 1921, mjini Moscow, kikundi cha wasanii, akiwamo Aleksandr Rodchenko, kilijiita kwa jina hilo. Walidai kwamba msanii aache kupamba, aunde vitu vya kuifaa jamii mpya, kama afanyavyo mhandisi. Hapo mjenzi alikuwa msanii mwenyewe.

Katika elimu, neno liliambatana na fikra za Jean Piaget wa Uswisi (1896–1980). Yeye alieleza kwamba mtoto hapokei maarifa kama mtungi upokeavyo maji, bali huyajenga akilini mwake kwa kutenda, akioanisha jambo jipya na yale ayajuayo. Hapa mjenzi ni mtoto, wala si mwalimu. Ndipo penye mtego kwa mfasiri.

Tuchukue mfano wa Ilembula, mkoani Njombe. Huko, kama kwingineko nchini, atajwapo mjenzi, anayefikiriwa ni fundi wa nyumba. Mwalimu wa huko akiagizwa na mwongozo awe "mwalimu mjenzi", atajiona yeye ndiye fundi, na wanafunzi ni matofali ya kupangwa. Maana itakuwa imepinduliwa kabisa. Hasara yake si ndogo: mitaala ya sekondari ya 2005 ilisisitiza umahiri wa mwanafunzi, lakini tafsiri ya namna hiyo humrudisha mwalimu ubaoni na mwanafunzi kwenye kunakili.

Fikra yenyewe si ngeni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zikuze akili ya kudadisi. Wala lugha yetu haikupungukiwa, kwani kitenzi "kujijengea" chaonyesha bayana nani atendaye na kwa faida ya nani.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba katika elimu tuseme "nadharia ya kujijengea maarifa", na mwalimu aifuataye aitwe "mfuasi wa nadharia ya kujijengea maarifa". "Mkonstraktivisti" libaki kwa wasanii wale wa Moscow. Naye "mjenzi" tumwachie fundi wa Ilembula, mwenye jina lake tangu zamani.