Runinga katika tarakilishi ndogo: Namna ya kutambua chanzo cha hitilafu za kinasa mawimbi

TARAKILISHI ya bodi moja, ambayo ukubwa wake hauzidi sana ule wa kadi ya benki, imekuwa kwa miaka mingi njia nafuu ya kuigeuza runinga ya kawaida kuwa hazina ya filamu, muziki na matangazo ya moja kwa moja. Raspberry Pi, iliyobuniwa nchini Uingereza na kuanza kuuzwa Februari 29, 2012, ndiyo iliyoenea kuliko zote. Ikiunganishwa na kinasa mawimbi cha USB pamoja na antena, huweza kupokea chaneli zisizolipiwa, kuzirekodi na kuzisambaza katika vyumba vyote vya nyumba kupitia mtandao wa ndani.

Hata hivyo, si ajabu mpango huo kutibuka siku ya kwanza. Kinasa hakitambuliwi kabisa. Au kinatambuliwa lakini hakipati chaneli hata moja. Au picha inaonekana vyema kwa saa mbili kisha mashine inaganda. Lawama hutupiwa draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa. Aghalabu draiva haina hatia. Mwenye mashine hufuta mfumo wote na kuuweka upya, hununua kinasa kingine, na baada ya gharama hiyo yote tatizo hurejea palepale kwa kuwa chanzo chake kilikuwa waya wa umeme.

Kinasa kisichofaa

Jambo la kubainishwa kabla ya programu yoyote kuguswa ni iwapo kinasa kina uwezo wa kupokea aina ya matangazo yanayopeperushwa mahali kilipo. Nchini Kenya, matangazo ya dijitali yalizinduliwa Desemba 2009 kwa kiwango cha DVB-T, lakini taifa likahamia DVB-T2 kabla ya mitambo ya analogi kuzimwa mwaka wa 2015. Kinasa cha analogi kilichonunuliwa kabla ya hapo hakina kazi tena. Kinasa cha DVB-T pekee nacho ni vivyo hivyo, ingawa kwenye kasha lake kimeandikwa kuwa ni cha dijitali. Hakuna draiva wala marekebisho ya programu yanayoweza kukifanya kipokee DVB-T2, kwa sababu upungufu huo umo ndani ya chipu yenyewe.

Mtego mkubwa ni vile vijiti vya bei ya chini vilivyojengwa kwa chipu ya RTL2832U. Mfumo wa Linux huvitambua mara moja, draiva yake hupakiwa bila malalamiko, na usakaji wa chaneli huendelea hadi mwisho bila kupata chochote. Ishara ya kuvitambua ni nambari 0bda:2838, ambayo vingi kati yavyo huonyesha amri ya lsusb inapoandikwa. Vipo vijiti vinavyofanana navyo kwa umbo ambavyo vina chipu ya RTL2832P na, kando yake, chipu ya pili ya Panasonic inayomudu DVB-T2. Mnunuzi anayetazama kasha pekee hawezi kuvitofautisha. Miongoni mwa vinasa ambavyo vimetumika sana kwa DVB-T2 katika Linux ni vile vyenye chipu ya Si2168, kama vile PCTV 292e. Mwaka wa 2018 watengenezaji wa Raspberry Pi walitoa pia bodi yao ya kupachikwa juu, iitwayo TV HAT, inayotumia chipu ya Sony CXD2880 na isiyotegemea USB hata kidogo.

Chaneli za kulipia ni suala jingine. Kinasa huweza kuzinasa na hata kuorodhesha majina yake, lakini zimefungwa kwa msimbo na haziwezi kuonekana bila king'amuzi na kadi ya kampuni husika. Skrini nyeusi katika chaneli hizo si hitilafu.

Daftari la kerneli

Iwapo kinasa ni cha aina ifaayo, hatua inayofuata ni kusoma kile ambacho mfumo wenyewe umeandika. Kerneli, ambayo ndiyo kiini cha Linux, huweka kumbukumbu ya kila kifaa kinachochomekwa na kila jambo linalokwenda mrama. Amri ya dmesg huifungua kumbukumbu hiyo. Inafaa kuisoma mara tu kinasa kinapochomekwa, kisha kuisoma tena punde tatizo linapotokea. Kinasa kilicho tayari huacha alama nyingine: folda ya /dev/dvb/adapter0 hujitokeza. Folda hiyo isipokuwapo, hakuna haja ya kuhangaika na Kodi wala Tvheadend, kwa maana programu hizo hazina kifaa cha kutumia.

Makosa huandikwa kwa nambari, na nambari hizo zina maana. Nambari -2 ikifuatana na jina la faili lenye kiambishi .fw humaanisha kwamba fimwea haikupatikana. Fimwea ni programu ndogo ambayo hupakiwa ndani ya chipu ya kinasa kila kinapowashwa. Draiva ipo, lakini chipu haijapewa maagizo yake. Kwa toleo moja la Si2168, kwa mfano, faili inayotakiwa huitwa dvb-demod-si2168-b40-01.fw. Katika mifumo mingi ya Linux faili hizo huwekwa katika /lib/firmware. Katika LibreELEC, ambayo sehemu yake ya msingi haiandikiki, mtumiaji huweka zake katika /storage/.config/firmware. Jina sharti lilingane na lile lililo katika daftari, herufi kwa herufi.

Nambari -71 na -110 hueleza kisa tofauti. Ya kwanza ni ya mawasiliano ya USB yaliyovurugika, ya pili ni ya kifaa kilichoulizwa jambo kisijibu kwa wakati. Zikijirudia, shaka ielekezwe kwenye umeme, waya au tundu la USB kabla ya draiva. Nambari -16 huonyesha kwamba kifaa kinashikiliwa na programu nyingine. Hilo hutokea pale ambapo programu mbili zinakigombania kinasa kimoja, mathani Tvheadend inayoendelea kufanya kazi kimyakimya huku mtumiaji akijaribu kusaka chaneli kwa programu ya kando.

Yako mazingira ambapo daftari halina kosa lolote na bado folda haipo. Tangu mwaka wa 2012, vijiti vya RTL2832U vimependwa pia na wanaosikiliza mawimbi mengine ya redio kwa tarakilishi, na maelekezo ya shughuli hiyo humtaka mtumiaji aizuie draiva ya runinga isipakiwe. Kizuizi hicho hubakia katika folda ya /etc/modprobe.d hata baada ya aliyekiweka kukisahau. Mstari unaoitaja dvb_usb_rtl28xxu ukiondolewa na mashine kuwashwa upya, draiva hurejea.

Umeme usiotosha

Hapa ndipo visa vingi vya kuganda huishia. Mashine hizi huhitaji volti 5, na adapta rasmi za Raspberry Pi za kabla ya modeli ya 5 zilitengenezwa zitoe volti 5.1 ili kufidia kinachopotea njiani. Modeli ya 3 ilipendekezewa ampea 2.5, ya 4 ampea 3, na ya 5, iliyotoka mwaka wa 2023, ampea 5 ili ifanye kazi kikamilifu. Chaja ya simu inaweza kuandikwa ampea za kutosha lakini ikaja na waya mwembamba. Waya wenye ukinzani wa omu 0.3 ukipitisha ampea 2 hupoteza volti 0.6, kati ya volti 5.1, zinazoifikia bodi ni 4.5. Bodi huhesabu chochote kilicho chini ya volti 4.63 hivi kuwa upungufu.

Mashine ikiwa haina kazi nyingi hutumia umeme kidogo, na kila kitu huonekana sawa. Kinasa kinapoanza kufanya kazi, picha ikafumbuliwa na diski ya kurekodi ikaanza kuzunguka, mahitaji hupanda kwa pamoja. Volti hushuka, kinasa hujitenga na kujiunga tena, programu hupoteza kifaa ilichokuwa ikikitumia, na mtazamaji huona picha iliyoganda. Ndiyo maana tatizo hutokea wakati wa kutazama na si wakati wa kuwasha.

Si lazima kubahatisha. Alama ya radi ya manjano kwenye pembe ya skrini ni onyo la upungufu huo. Amri ya vcgencmd get_throttled hutoa ushahidi zaidi: jibu la 0x0 humaanisha hakuna kilichotokea tangu mashine iwashwe; 0x50000 humaanisha umeme uliwahi kushuka na kasi ikapunguzwa, ingawa sasa hali imetulia; 0x50005 humaanisha upungufu unaendelea wakati huohuo. Anayepata jibu la pili au la tatu aanze kwa kubadilisha adapta na waya wake.

Matundu ya USB nayo yana mipaka. Katika modeli ya 4, matundu yote manne kwa pamoja hayapewi zaidi ya ampea 1.2. Modeli ya 5 ikiwa na adapta ya ampea 3 huyapa miliampea 600 tu, kiwango ambacho kinasa na diski vinaweza kukimaliza. Kigawanyi cha USB chenye adapta yake mwenyewe huondoa mzigo huo. Kiwe kizuri lakini, kwani vipo vinavyorudisha umeme kwenye bodi kwa njia ya nyuma na kuifanya ishindwe kuzimika ipasavyo.

Kuzima kabisa ni tofauti na kuwasha upya. Amri ya kuwasha upya huenda isikate umeme wa USB, hivyo chipu ya kinasa iliyochanganyikiwa ikaendelea na hali yake ileile. Kuchomoa waya wa umeme kwa nusu dakika, baada ya mfumo kuzimwa kwa utaratibu, kumeponya vinasa vingi vilivyodhaniwa kuwa vimekufa.

Kerneli mpya, draiva ya zamani

Kuna wakati draiva ndiyo yenye makosa. Draiva zilizo ndani ya kerneli husasishwa pamoja nayo. Zile ambazo mtengenezaji wa kinasa huzitoa kando hujengwa kwa toleo moja mahususi la kerneli, na mfumo ukisasishwa hukataliwa. Runinga inayofanya kazi Jumamosi hunyamaza Jumapili baada ya masasisho. Amri ya uname -r huonyesha toleo lililopo. Lisipolingana na lile ambalo draiva ilijengewa, dawa ni kuijenga upya au kurudi kwenye kerneli ya awali. Wanaotumia rpi-update hujiletea taabu hii kwa hiari, maana amri hiyo huleta kerneli za majaribio, na haifai kwa mashine inayotegemewa na familia nzima.

Badiliko jingine lilitokea mwaka wa 2023, pale modeli ya 4 ilipoanza kutumia kerneli ya biti 64 hata kama mfumo uliosalia ni wa biti 32. Draiva zilizojengwa kwa biti 32 ziligoma bila sababu iliyo wazi kwa mwenye mashine. Mstari wa arm_64bit=0 katika faili ya config.txt huirejesha hali ya zamani katika modeli hiyo.

Msongamano, joto na kadi

Kwa modeli za kwanza hadi ya 3, tundu la waya wa mtandao na matundu yote ya USB hupitia njia moja ya USB 2.0. Furushi moja la chaneli za DVB-T2 huweza kubeba zaidi ya megabiti 30 kwa sekunde. Likiingia kutoka kwa kinasa, likaandikwa kwenye diski ya USB na kutumwa chumba cha pili kwa wakati mmoja, njia hiyo husongamana, na vipande vinavyopotea huonekana kama miraba kwenye picha. Modeli ya 4 ilitenganisha njia hizo. Mwenye modeli ya zamani hana budi kupunguza shughuli: arekodi au asambaze, si yote mawili.

Joto huanza kupunguza kasi ya modeli nyingi zifikapo nyuzi 80, na kasha lililofungwa nyuma ya runinga ni mahali pabaya. Vinasa navyo hupata moto. Waya mfupi wa kurefusha USB hukiweka kinasa mbali na joto la bodi na pia mbali na kelele ya mawimbi itokayo kwenye bodi na kebo ya HDMI.

Tvheadend ina uwezo wa kusimamisha matangazo ya moja kwa moja na kuyaendeleza baadaye. Yakihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya mashine yenye megabaiti 512, nafasi huisha na kerneli huua programu. Daftari litasema hivyo waziwazi. Yakihifadhiwa kwenye kadi ya SD, kadi huchakaa mapema. Diski ya nje ndiyo mahali pake. Umeme unapokatika ghafla wakati wa kuandika, faili za kadi huweza kuharibika, na hitilafu zinazofuata hufanana mno na za draiva. Nakala ya kadi iliyowekwa kando mfumo ukiwa mzima humwezesha mtumiaji kupambanua mambo hayo mawili kwa dakika chache.

Masafa

Husalia kisa cha kinasa kizima kisichopata chaneli. Katika Tvheadend hakuna mtandao ulioitwa DVB-T2; huchaguliwa DVB-T, kisha kila furushi la masafa huwekewa DVB-T2 na upana wa megahezi 8. Orodha za masafa zinazokuja na programu huenda zisiwe na mji wa mtumiaji, nayo masafa hutofautiana kati ya mji na mji. Anayejua nambari ya chaneli ya UHF ya mtambo ulio karibu anaweza kuyapata mwenyewe: aizidishe kwa 8, aongeze 306. Chaneli ya 21 ni megahezi 474, ya 48 ni 690. Antena yenye kipaza mawimbi huhitaji umeme ambao vinasa vingi vya USB havipeleki, kwa hivyo adapta yake iwe imechomekwa. Anayeishi karibu na mtambo akiondoe kipaza hicho, kwa kuwa mawimbi yaliyozidi nguvu humlemea kinasa sawa na yaliyo hafifu.