Mwenye Nguzo na Mpangaji Wake: Usambazaji wa Umeme Kampala, 2005–2025

Ukisimama Mbuya na kutazama nguzo za umeme zinazoteremka kuelekea bonde la Kinawataka, huwezi kujua kwa macho ni za nani. Kwa miaka 20 swali hilo lilikuwa na majibu mawili.

Bodi ya Umeme ya Uganda (UEB), iliyoundwa mwaka 1948, ilizalisha, ikasafirisha na kusambaza umeme yenyewe. Sheria ya Umeme ya 1999 ilifungua njia ya kuivunja, na mwaka 2001 zikazaliwa kampuni tatu za serikali. Ya usambazaji, UEDCL, ilibaki na nguzo na nyaya, lakini kuanzia Machi 2005 kazi yenyewe ilikodishwa kwa kampuni binafsi, Umeme. (Inachekesha kidogo kwamba mjini ambako watu husema masannyalaze, kampuni ilijipa jina la Kiswahili.)

Mpangaji huyu hakulipa kodi tu. Aliruhusiwa kujenga vyumba vipya, na gharama zake, pamoja na faida ya asilimia 20, zilirudishwa kupitia bei iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme (ERA). Fedha ambazo zingekuwa hazijarudi mkataba ukiisha, serikali ingezilipa. Kwa maoni yangu kifungu hicho ndicho kiini cha historia yote, ingawa wengi hubishana kuhusu bei ya uniti.

Matokeo yalionekana. Umeme uliopotea njiani au kuibwa ulikuwa takriban asilimia 38 mwaka 2005. Baadaye ukashuka chini ya asilimia 20. Mita za Yaka, ambazo mtu hulipa kwanza ndipo atumie, zilimpunguzia msomaji wa mita kazi. Lakini Umeme nayo iliwapa makandarasi sehemu ya kazi zake. Mteja alimwona fundi. Nyuma ya fundi alikuwepo mkandarasi, kisha Umeme, kisha UEDCL. Katika mwanya huo walijipenyeza kamyufu, mafundi wasio na kibali wanaounganisha umeme kwa njia za panya, na mteja aliyelaghaiwa hakujua amshitaki nani.

Serikali ilikataa kurefusha mkataba. Ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na kesho yake UEDCL ikaanza kazi. Serikali ililipa dola milioni 118 kwa kufuata hesabu ya Mkaguzi Mkuu. Umeme ikadai zaidi, na mgogoro ukapelekwa kwenye usuluhishi.