Shule za Bweni za Wasichana wa Kiingereza

Msomaji, kama unakaa katika shule ya bweni, bila shaka unaijua kengele ya alfajiri. Hulia kabla hujatosheka na usingizi, nawe huna budi kuondoka kitandani, kutandika, kuoga maji baridi na kujipanga mstarini. Una bweni lako, ambalo hulitetea uwanjani. Una kiranja wako, ambaye humtii hata siku usiyopenda. Una sare yako na wimbo wa shule yako. Mengi katika mambo haya hayakuanzia hapa kwetu. Yaliletwa na walimu na wamisheni waliotoka Uingereza, ambao wenyewe walikuwa wamelelewa hivyo. Basi yafaa tujue yalikotoka. Na hasa tujue habari za shule za wasichana wa huko, maana zina machozi ndani yake, tena zina ushindi.

Katika mwaka wa 1824 kasisi mmoja, jina lake William Carus Wilson, alifungua shule ya bweni mahali paitwapo Cowan Bridge, kaskazini mwa Uingereza. Ilikuwa shule ya mabinti wa makasisi maskini, nayo iliwaandaa kuwa walimu wa watoto katika nyumba za matajiri. Mwaka huo huo kasisi Patrick Brontë, aliyefiwa na mkewe, alipeleka huko mabinti zake wanne: Maria, Elizabeth, Charlotte na Emily. Nia yake ilikuwa njema, kwani alitaka wapate elimu ambayo yeye hangeweza kuilipia mahali pengine.

Maisha ya shule ile yalikuwa magumu mno. Mara nyingi uji ulikuja mezani umeungua hata haulikii. Siku za Jumapili wasichana walitembea zaidi ya maili mbili kwenda kanisani katika baridi ya kipupwe, wakafika miguu imelowa, wakakaa hivyo hivyo hadi ibada ikaisha. Wakuu wa shule hawakuyaona hayo kuwa ukatili. Waliamini kwamba mtoto wa maskini hana budi kuzoezwa shida na unyenyekevu tangu utotoni. Nasi tuna methali isemayo, samaki mkunje angali mbichi. Nadhani wangeipenda sana.

Lakini kukunja si kuvunja. Mapema katika mwaka wa 1825 Maria alirudishwa nyumbani akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, akafa mwezi wa Mei, umri wake miaka 11. Elizabeth, mwenye miaka 10, alimfuata mwezi wa Juni kwa ugonjwa ule ule. Wale wadogo wawili nao baba yao aliwaondoa shuleni. Charlotte hakusahau kamwe. Alipokuwa mtu mzima alitunga riwaya yake mashuhuri, Jane Eyre, iliyotolewa mwaka wa 1847, na humo akaichora shule yenye baridi, njaa na maradhi. Watu waliitambua shule ile mara moja. Marafiki wa kasisi Wilson walikasirika, wakasema amesingiziwa. Lakini Charlotte alishikilia kwamba aliyoyaandika aliyaona kwa macho yake.

Sasa angalia jinsi habari hii inavyoungana na nyingine. Shule ile ilihamishwa mwaka wa 1833 ikapelekwa Casterton, si mbali na pale. Katika mwaka wa 1857 akaja kufundisha huko mwanamke kijana, Bibi Dorothea Beale. Alikuwa amesoma na kufundisha katika Queen's College ya London, chuo kilichofunguliwa mwaka wa 1848 ili wanawake wapate elimu ya kweli. Bibi Beale aliona kwamba sheria za Casterton zilikuwa nzito kupita kiasi, akawaeleza hivyo wakuu wa shule. Hawakumsikiliza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameondoka, hana kazi.

Mwaka uliofuata, wa 1858, akiwa na umri wa miaka 27, alichaguliwa kuwa mwalimu mkuu wa Cheltenham Ladies' College. Shule hiyo ilikuwa changa na dhaifu: wanafunzi 69 tu, na fedha zilizosalia hazikuzidi sana pauni 400. Hata wazazi walikuwa tatizo. Walitaka binti zao wajue kupiga piano, kudarizi na kusema Kifaransa kidogo, basi. Kwa hiyo Bibi Beale alikwenda taratibu. Hakuthubutu kuanza na jiometria ya Euclid, akijua kwamba wazazi wangewatoa watoto. Alianza na jiografia ya ardhi, bahari na hali ya hewa, akapitisha sayansi kwa mlango huo. Alikaa Cheltenham mpaka alipofariki mwaka wa 1906, na wakati huo shule ilikuwa na wanafunzi wapatao 1,000.

Usidhani alikuwa mtu wa mzaha. Katika shule yake palikuwa na sheria ya kimya: msichana hakuruhusiwa kuzungumza ovyo na mwenziwe darasani wala njiani. Lakini kimya chake hakikuwa sawa na kile cha Casterton. Yeye alitaka kitulize akili ipate kufanya kazi, wala hakutaka kumfundisha mtoto kwamba yeye si kitu.

Baada ya hapo shule ziliongezeka. Katika mwaka wa 1885 dada watatu wa ukoo wa Lawrence walianzisha shule mjini Brighton, ambayo baadaye iliitwa Roedean. Na mwaka wa 1896 Bibi Jane Frances Dove akafungua Wycombe Abbey. Humo ndimo zilimokomaa desturi unazozijua: nyumba zenye walezi wao, viranja, kengele, sala za asubuhi, barua ya nyumbani, na michezo kila alasiri. Wasichana walicheza hoki, kriketi, na lakrosi, ambayo huchezwa kwa fimbo yenye wavu, na asili yake ni kwa wenyeji wa kwanza wa Amerika ya Kaskazini. Huko Roedean walivaa vazi pana lisilobana mwili, lililopewa jina la Kiarabu, ambalo ndilo neno letu juba.

Huenda ukauliza, kwa nini michezo mingi hivyo? Palikuwa na sababu. Katika mwaka wa 1874 daktari mashuhuri, Henry Maudsley, aliandika kwamba masomo mazito yangedhuru mwili wa msichana. Daktari mwanamke, Elizabeth Garrett Anderson, akamjibu mwaka huo huo kwamba uvivu na kukosa la kufanya hudhuru zaidi. Shule nazo zikajibu kwa vitendo. Msichana aliyekimbia uwanjani alasiri, kisha akafaulu mtihani, alikuwa hoja ambayo daktari yule hangeweza kuipangua kwa urahisi.

Hata hivyo tusisifu kupita kiasi. Shule hizi zilikuwa za wachache. Cheltenham haikupokea mabinti wa wenye maduka, hata kama walikuwa na fedha za kulipa. Rafiki wa Bibi Beale, Bibi Frances Mary Buss, aliona hiyo si haki. Shule yake ya London, North London Collegiate, aliyoifungua mwaka wa 1850, ilikuwa ya kutwa na ya ada ndogo, na mlango wake ulikuwa wazi kwa watoto wa tabaka mbalimbali. Tena ushindi ulichelewa: Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka wa 1948, mwaka ule ule ilipofunguliwa huko Kikuyu shule ya bweni ya wasichana Waafrika, ambayo leo ni Alliance Girls' High School.

Basi, msomaji, kesho kengele itakapolia, ondoka kitandani kwa wakati. Lakini kumbuka kwamba Cowan Bridge ilikuwa na kengele, na Cheltenham ilikuwa na kengele. Maria na Elizabeth waliishi chini ya sheria za shule, na sheria hizo hazikuwaokoa. Ikiwa siku moja utakabidhiwa watoto wa watu, uwe kiranja, mwalimu au mzazi, usiseme tu, "Ndivyo tulivyokuta." Mtazame mtoto aliye mbele yako, uangalie kama desturi ile inamjenga au inammaliza, na ukiona inammaliza, useme, kama alivyosema Bibi Beale, hata ikikugharimu kazi.